Kiti cha Uvivu Kinachozunguka: Anza na Uzito, Beringi Itafuata

Saa yako ikionyesha saa sita kamili mchana mjini Mpanda, mkoani Katavi, jua bado halijafika utosini. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mpanda iko kwenye nyuzi 31 hivi. Kwa hiyo jua la Katavi hufika kileleni karibu na saa saba, nusu saa nzima baada ya Dar es Salaam. Ndiyo maana alasiri ya huku ni ndefu. Mtumishi anatoka ofisini saa tisa na nusu, anafika nyumbani Makanyagio au Nsemulwa, anajinyoosha kwenye kiti cha uvivu chini ya mwembe, na jua bado lina saa tatu na ushee za kumsumbua kabla halijazama. Kila baada ya muda linampata usoni. Anainuka, anaburuta kiti, anajilaza tena. Kiti cha mninga si chepesi, na viungo vya kiti hufa zaidi kwa kuburutwa kuliko kwa kukaliwa.

Dawa ni kitako kinachozunguka: kiti kinabaki pale pale, wewe unasukuma ardhi kidogo kwa kidole cha mguu na kulipa jua kisogo. Kazi hii inawezekana kabisa kwa vifaa vinavyopatikana Mpanda, bila kuagiza chochote kutoka nje. Ila ina mtego mmoja, na mtego huo hauko kwenye beringi.

Watu wengi wakitaka kiti kizunguke huanza kwa kuuliza watumie beringi gani. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni hili: mtu akilala, uzito wake unaangukia wapi? La pili: miguu ya chini inafika wapi? Ukiyajibu hayo mawili vizuri, hata bolti moja nene yenye grisi itakupa kiti cha kuaminika. Ukiyakosea, hata habu ya gurudumu la lori haitamzuia mzee wako asianguke chali.

Sababu yake ni rahisi. Kiti cha kawaida kina miguu yake minne, na kwa kiti cha uvivu fundi huisogeza miguu ya nyuma nje zaidi kwa sababu anajua mtu atalalia upande huo. Ukikiweka juu ya kitako kinachozunguka, miguu ile haikanyagi chini tena. Kinachokanyaga ni miguu ya chini ya kitako, nayo haigeuki pamoja na kiti. Leo kichwa cha mlalaji kitaelekea juu ya mguu wa kitako, kesho kitaelekea kwenye nafasi iliyo katikati ya miguu miwili, ambako hakuna kitu cha kumshika.

Basi tupime uzito kwanza. Tafuta bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu wa mita moja hivi, ulilaze kwenye sakafu ngumu. Chukua mbao mbili ndefu, uziweke juu ya bomba hilo zikilikata kwa pembe mraba, kama reli mbili zilizopita juu ya taruma moja. Kiti kiwekwe juu ya mbao hizo, mbele na nyuma yake vikifuata urefu wa mbao. Watu wawili washike pembeni. Mlalaji akae wima kwanza, mgongo umeegemea kidogo, na wasaidizi wasogeze kiti mbele au nyuma polepole mpaka mbao zisimame sawa bila kuinamia upande wowote. Piga mstari wa chaki kwenye fremu ya kiti, juu ya bomba kabisa. Hiyo ni alama ya kukaa. Sasa alaze kiti hadi tundu la mwisho, aegemee kabisa, mikono aifumbate nyuma ya kichwa, maana ndivyo watu wanavyolala. Kama kiti kina sehemu ya kupandishia miguu, aipandishe. Kama hakina, visigino viguse tu chini bila kusukuma. Tafuta tena mahali mbao zinaposimama sawa, upige mstari wa pili. Si ajabu mistari hiyo miwili ikaachana kwa shibiri nzima.

Egemeo la kuzungukia halikai katikati ya kiti. Linakaa kati ya mistari hiyo miwili, na mimi napendekeza liwe karibu zaidi na mstari wa kulala: gawa nafasi iliyopo mafungu matatu, uweke egemeo fungu moja kutoka alama ya kulala. Kiti kikielemea mbele, miguu yako mwenyewe iko pale kukupokea. Kikielemea nyuma, kinachokupokea ni kisogo. Kama nyumbani kuna watu wa maumbo tofauti, mpime mzito kuliko wote na mrefu kuliko wote. Warefu wana uzito mwingi unaokwenda nyuma wanapolala.

Sasa miguu ya chini. Umbile rahisi ni msalaba wa mbao mbili zilizokatwa nusu kwa nusu na kupishana katikati. Hapa watu hudanganywa na macho. Msalaba ambao kila mkono wake una sentimita 50 kutoka kitovuni unaonekana mpana, lakini kiti kikielemea katikati ya mikono miwili, mstari wa kupindukia uko sentimita 35 tu kutoka kitovuni. Ukiweka mikono mitano ya urefu huo huo, mstari unasogea hadi sentimita 40. Ndiyo siri ya viti vya ofisini kuwa na miguu mitano. Kwa kiti cha uvivu nisingekubali chini ya sentimita 40 kwenye upande dhaifu kabisa. Kwa msalaba wa mikono minne hiyo ina maana mikono ya sentimita 57 au zaidi, kwa hiyo chukua mbao mbili za sentimita 120 usiumize kichwa. Mbao za mbili kwa nne za mninga zinatosha, zikilazwa kwa ubapa ili kitako kisipande juu sana. Za paina, ule unaoletwa kutoka mashamba kama Sao Hill, ziwe nene zaidi na ziwe zimepakwa dawa.

Ncha za mikono zitajitokeza, na usiku mtu atajikwaa. Zikate mshazari, uzipake rangi nyeupe.

Ukishamaliza hayo, ndipo uende kwa wauza chuma chakavu. Unachotafuta ni habu ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, mfano Vitz. Habu hiyo ni kipande kimoja kilichofungwa na beringi yake ndani. Upande mmoja una matundu manne ya kufungia kwenye ekseli, upande wa pili una stadi za gurudumu. Yaani imekuja tayari na vitako viwili, kimoja cha chini na kimoja cha juu. Garini ilikuwa inabeba karibu robo ya uzito wa gari na abiria wake, ikapigwa na mashimo ya barabara kwa miaka. Mtu wa kilo 100 aliyelala si mzigo kwake. Na kwa kuwa imetengenezwa kuvumilia gari linapokata kona, inavumilia pia mzigo unaoelemea upande mmoja, jambo ambalo beringi nyingi za kawaida haziliwezi.

Iangalie kabla hujalipa. Ishike upande mmoja kwa mkono wa kushoto, uzungushe upande wa pili polepole huku sikio liko karibu. Ikikwaruza kama ina kokoto, iache. Kisha jaribu kuitikisa: ikicheza kwa pembeni, mwendo huo utakaopimwa kwa milimita kwenye habu utakuwa sentimita kadhaa kwenye kichwa cha mlalaji. Kutu ya nje haina neno. Waya wa breki za ABS ukiwepo, ukate.

Kwa chini, fundi akate bamba la chuma la milimita 6, sentimita 20 kwa 20, atoboe matundu manne yanayolingana na ya habu na tundu kubwa la katikati la kupokea kile kisigino kinachotokeza nyuma yake. Bamba hilo lifungwe kwenye makutano ya msalaba kwa bolti nne za milimita 12 zinazopita mbao hadi upande wa pili, kila moja na washa pana. Misumari hapana, na skrubu fupi hapana. Kwa juu, bamba la sentimita 25 kwa 25 likalie stadi za gurudumu na kukazwa kwa nati zake zenyewe. Juu ya bamba hilo inakuja fremu ya kupokea kiti, ya mbao au ya bomba za mraba, zile wauza vyuma huziita skwea paipu. Upande wa gurudumu uangalie juu.

Jambo moja la kumwambia mchomeleaji kabla hajawasha mashine: kila kitu cha kuchomelewa kichomelewe habu ikiwa mbali. Moto unaunguza sili na kukausha grisi. Kibaya zaidi ni umeme. Waya wa ethi ukibanwa kwenye bamba la chini na yeye akachomelea bamba la juu, umeme wote unapita kati ya gololi na njia zake, na kila mahali unaporuka unaacha kovu. Kiti kitazunguka siku hiyo, lakini baadaye kitaanza kukwaruza na fundi ataapa kwamba habu ilikuwa mbovu. Kama hakuna budi kuchomelea kitu kikiwa kimefungwa, ethi ibanwe kwenye kipande kile kile kinachochomelewa.

Ukikosa habu ya namna hiyo, zipo za magari ya zamani, hasa pikapu, zenye beringi mbili za rola zilizolala mshazari na nati moja inayozibana. Ni imara kupita kiasi, lakini ile shafti yake lazima ikatwe na kusimamishwa wima sawasawa kwenye bamba. Kazi hiyo mpe mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Ikishasimama, nati ikazwe kuliko inavyokazwa garini kisha ifungwe kwa pini ya kukunja. Garini unataka gurudumu liende lenyewe. Kwenye kiti unataka kigeuke ukikiomba tu. Habu ya Vitz ikiwa nyepesi mno, bandika kipande cha raba ya tairi chini ya bamba la juu ili kisugue bamba la chini.

Njia ya pili ni ya mwenye uwanja wa udongo ambaye hataki kabisa habari ya miguu inayojitokeza. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa 40. Simamisha ndani bomba la mabati mazito la inchi mbili, chini yake likiwa limezibwa kwa kipande cha bamba, ulipime kwa timazi pande mbili, umwage zege. Liache lichomoze sentimita 10 tu juu ya ardhi. Zege likishakomaa, na ningelipa wiki nzima likimwagiliwa maji, chini ya bomba tumbukiza grisi na gololi moja kubwa ya chuma kutoka kwenye beringi ya gari kubwa. Fremu ya kiti inachomelewa kwenye bomba la inchi moja na nusu lililozibwa chini, nalo linazama ndani ya lile la kwanza kwa sentimita 45 au zaidi, likikalia gololi.

Mabomba hayo mawili hayabanani. La inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48, na tundu la lile la inchi mbili ni kama milimita 53. Ukiacha hivyo, kiti kitayumba. Kata vipande viwili vya bomba la plastiki la maji, vipasue kwa urefu, uvivishe bomba la ndani juu na chini viwe bushi. Kisha chomelea kola pana kwenye bomba la ndani, iwe kofia inayofunika mdomo wa lile la nje, la sivyo mvua ya kwanza ya Novemba itageuza bomba lako kuwa kisima. Mabati yanapochomelewa hutoa moshi wa zinki ambao unaumiza. Fundi akwangue kwanza ule weupe kwa grenda, achomelee nje penye upepo.

Faida ya njia hii ni kwamba kitako hakipinduki, hata umati ukalie. Hasara ni kwamba umechagua mahali pa kudumu, kwa hiyo pachague kwa akili. Mpanda iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, kipindi chenye kiangazi chetu na msimu wa kukaa nje, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na Juni linafika nyuzi 30 kutoka utosini. Kivuli cha mti saa saba kinaangukia kusini, na jioni kinarefuka kuelekea mashariki. Kwa hiyo mtu anayepumzika alasiri achimbe shimo lake kusini-mashariki mwa shina. Wengi huchimba palipo na kivuli siku hiyo ya kuchimba. Akichimba Desemba, jua likiwa upande wa kusini, atajikuta juani Julai. Kitako kinachozunguka hakihamishi kivuli. Kinakupa uwezo wa kugeuza uso tu.

Na kama mti wenyewe ni mwembe, jua kwamba embe zinaanza kudondoka msimu ule ule wa radi. Kwa sababu zote mbili, mvua ikianza kiti kiingie barazani. Bomba la ndani linachomoka kwa mikono miwili, na mdomo uliobaki ardhini ufunikwe kwa kopo ili mtoto asiuingize mguu.

Ipo njia ya tatu isiyohitaji mchomeleaji, na ina historia nzuri. Thomas Jefferson, yule aliyeandika Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, alikuwa na kiti cha mbao kinachozunguka, kinachohifadhiwa na American Philosophical Society mjini Philadelphia. Kiti hicho kina vikalio viwili vilivyopandana, nondo katikati, na rola ndogo kati yake. Hakikuhitaji beringi ya kisasa, kwa sababu rola zilizotawanyika kwa mduara zinabeba uzito pembeni, si katikati peke yake. Unaweza kuiga kwa plaiwudi nene ya milimita 18, iliyounganishwa mbili mbili. Kata sahani mbili za kipenyo cha sentimita 60 na uziunganishe katikati kwa bolti ya milimita 16. Kati yake funga vijigurudumu sita vya samani, vile visivyogeuka vyenyewe, kila kimoja kikielekezwa kufuata mduara. Kikielekezwa kando hata kidogo, kitakuwa kinakwaruza badala ya kubingirika. Sahani ya chini bado inahitaji msalaba wake, mipimo ile ile.

Hii ni ya barazani kwenye sakafu ya saruji. Usiipeleke uwanjani, kwa sababu vumbi la Septemba litajaa njiani na vijigurudumu vitalia kama panya. Zile sahani nyembamba za bati zenye vigololi, zinazouzwa kwa ajili ya meza za chakula za kuzungusha, nazo wengi wanazipenda kwa wepesi wake. Kwa kiti cha kulalia sizipendekezi. Zinavumilia uzito unaoshuka wima, hazivumilii kuelemewa upande mmoja, na mvua zinaiogopa.

Urefu sasa. Msalaba, habu na fremu ya juu kwa pamoja vitaongeza sentimita 18 hadi 20. Kikalio kilichokuwa na sentimita 42 kutoka chini kitapanda hadi 60, na mwenye kiti ataning'iniza miguu kama mtoto kanisani. Kwa hiyo miguu ya kiti lazima ikatwe kiasi hicho hicho. Pima kutoka kwenye kikalio kushuka chini, usipime kutoka sakafuni kupanda, maana viti vyetu vingi vina miguu ya nyuma iliyolala, na ukikata yote kwa urefu sawa bila kuangalia, utabadilisha mlalo wa kiti. Kiti cha kukunja cha turubai hakikatiki hivyo. Fremu zake mbili zinategemeana. Hicho kipe njia ya bomba la zege, ambayo inapanda kidogo.

Kwa mzee, nenda juu zaidi, sentimita 45 hivi, kwa sababu kiti cha chini ni rahisi kukiingia na shida kukitoka. Na kwa mzee, kufuli si pambo. Mtu akitaka kuinuka huweka mkono mmoja kwenye mkono wa kiti na kusukuma. Kiti cha kawaida kinatulia. Kinachozunguka kitamkimbia. Nunua komeo la kawaida la mlango, lile la kusukuma, ulifunge wima kwenye fremu ya juu mahali mkono unapofika mtu akiwa amekaa, na toboa matundu manane kwenye duara la plaiwudi lililofungwa juu ya msalaba. Komeo likishuka tunduni, kiti kimefungwa. Likipanda, kinazunguka. Watoto wa mtaa wakigundua kwamba kiti kinazunguka watakigeuza pembea, na vidole vitabanwa kati ya fremu na msalaba. Wenyewe mkiwa hampo, komeo liwe chini.

Katika habari ya mbao, Katavi ni nchi ya miombo, kwa hiyo mninga tunao na mkurungu tunao. Mkurungu ni mzito na mgumu, utachosha msumeno na hauna sababu ya kuwa kwenye kitako. Mninga haupindi ovyo ukikauka, na hiyo ndiyo sifa unayoitafuta kwenye msalaba unaotakiwa kukanyaga chini kwa ncha zote nne. Vumbi lake la msumeno linawasha pua na kifua, funika uso. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye hati za TFS, wakala wa serikali wa misitu, na akupe risiti, hasa kama unasafirisha kutoka Mishamo au Inyonga kuja mjini, kwa sababu mbao zisizo na karatasi hukamatwa barabarani na hasara ni yako. Mbao iwe kavu. Ukitengeneza msalaba kwa mbao mbichi, baada ya kiangazi kimoja utakuwa umesimama kwa miguu mitatu.

Mchwa wa huku hawahitaji utambulisho. Chini ya kila ncha weka kipande cha tairi au kigae cha saruji, mbao isiguse udongo. Oili chafu inafukuza mchwa, lakini ipakwe upande wa chini tu, kwa sababu haikauki vizuri na inachafua nguo.

Kitako kikikamilika, kisawazishe. Weka pima maji juu ya bamba, au chupa ya maji iliyojaa nusu. Kikiinama hata kidogo, kiti kitakuwa kinarudi chenyewe kwenye upande wa bondeni, na utakuwa unapigana nacho mchana kutwa.

Kisha kijaribu kabla mtu hajakilalia. Laza kiti hadi mwisho, weka gunia la mahindi juu yake, sehemu kubwa ya gunia iwe upande wa mgongo. Chini ya kila ncha ya msalaba ingiza kipande cha karatasi. Zungusha kiti taratibu, na kila kinapofika katikati ya mikono miwili, simama, uende upande wa mbele na uvute karatasi za huko. Karatasi inayobanwa ni habari njema. Karatasi inayotoka bila ubishi inakwambia ncha ile imeshainuka au inakaribia kuinuka. Hapo usiweke jiwe juu ya ncha wala usimwambie mtu awe mwangalifu. Ama urefushe mikono, ama usogeze egemeo nyuma. Ukiona karatasi zote zimebanwa, kandamiza mgongo wa kiti kwa nguvu za mikono yako miwili juu ya uzito wa gunia, urudie mzunguko.

Matunzo ni machache. Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kaza bolti zote, kwa sababu mbao iliyokauka kiangazi chote imesinyaa na kuziacha. Futa vumbi kuzunguka habu, na kama hujafunika mwanya wake, zungushia ukanda wa tyubu ya pikipiki. Aprili mvua zikikatika, paka tena mafuta au vanishi, na kwenye vyuma rangi ya kuzuia kutu.

Mafundi wa Mpanda wanaweza kufanya biashara na viti hivi. Kambi za wageni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi zinafanya kazi zaidi wakati wa kiangazi, viboko wakiwa wamebanana kwenye madimbwi ya mto Katuma, na mgeni anayetazama wanyama angependa kiti kinachomfuata anapotazama. Lakini kila chenye kuuzwa kiwe na komeo, na kiwe kimepimwa kwa gunia na karatasi. Wewe mnunuzi nawe, fundi akikuletea kiti chake na kukizungusha mbele yako kwa kidole kimoja, usitoe pesa bado. Mwombe akilaze hadi mwisho, ajilaze yeye mwenyewe mikono ikiwa nyuma ya kichwa, na umzungushe wewe mzunguko mzima.